Ngumi za Kwenye Filamu

"Nani kati yenu anamvunja mwanangu mbavu?"

Mama alikuwa ameshaingia chumba cha kuhariri filamu kabla hajakaribishwa. Mhariri, baba mzima mwenye kitambi, aliacha kutafuna karanga.

"Karibu kwanza, mama. Mwanao ni nani?"

Akamtaja. Hakukaa. Alijua tu kwamba bintiye anafanya kazi ya filamu. Kuzitazama hawezi, zinamtia kichefuchefu. Ila mwezi huu kamkuta jicho limevimba, mara mkono, na sasa mbavu. Ukimuuliza, anageukia ukutani. Afadhali mkwe ni mtu wa watu, anamlisha supu kwa kijiko na kumjibia maswali: "Ndiyo kazi aliyoichagua, mama. Filamu za ngumi hizo. Nimemkataza mpaka nimechoka." Hata leo, mama amemwacha mgonjwa mikononi mwa mkwe huyo ndipo akaja.

"Mnaumiza mtoto wa mwenzenu ili watu washangilie?"

Mhariri alicheka, akawasha skrini. Mwanamke mmoja, nywele zimemfunika uso, akala ngumi ya taya. Damu ikaruka. Mama aliziba mdomo kwa kanga.

"Sasa tazama polepole." Akairudisha. Ngumi ilipita shubiri nzima mbele ya pua. "Kamera iko nyuma ya bega la mpigaji, ndiyo maana ile nafasi huioni. Mimi nakata vipande vifupi vifupi, kufumba na kufumbua, macho yako yanajazia yenyewe. Kishindo ndicho hiki." Akachapa tambara bichi mezani: pwaa! "Na damu ni sukari na rangi."

Chupa ya damu hiyo, pale mezani, ilikuwa imejaa sisimizi.

"Uchafu mtupu," mama alisema. "Mtu mzima na kitambi chako, kutwa unapika vipigo."

"Lakini haguswi mtu, mama. Hata kwa ukucha."

Mama akajikuta amekaa. Akaunyooshea kidole uso ule uliofunikwa na nywele.

"Kwa hiyo mwanangu hapo hakuumia?"

"Huyo? Huyo si mwanao. Mwanao haigizi, yeye ndiye anayeshika kamera. Tena mpe pole, mwezi mzima hajaja kazini. Mumewe alitupigia simu huku analia, masikini, akasema mkewe ameteleza bafuni."