Suti ya Saa Nne

“Kesho saa nne asubuhi, ofisini kwangu,” Kuramochi alisema kwenye simu. “Uje umevaa suti.”

Mchezaji yeyote wa timu ya Korongo wa Okayama, hata aliyejiunga juzi, alijua maana ya maneno hayo. Kuitwa ofisini ni jambo la kawaida. Kuitwa na suti, mwezi wa Oktoba, msimu wa besiboli ukiwa umekwisha, ni kuambiwa kibarua chako kimeota nyasi.

“Sawa, Mzee,” Hatano akajibu. “Na wewe utavaa suti?”

“Mimi huvaa suti kila siku, Hatano. Si unanijua?”

“Nakujua. Hiyo ndiyo shida yenyewe.”

Kuramochi akaona ni mshtuko tu. Watu hupokea habari hizi kila mmoja kwa namna yake. Mmoja aliwahi kumwuliza bei ya mchele.

Kwa miaka ishirini na miwili yeye ndiye aliyekuwa meneja mkuu wa timu, mwenye kuajiri na kuachisha kazi. Magazeti yalimwita Msumeno. Ubingwa ameupata mara moja, na siku hiyo alikuwa kwa daktari aking’olewa jino. Atakachokumbukwa kwacho ni ofisi ile na wanaume mia moja sitini na watatu waliomwaga unga mbele yake. Timu nyingine zilituma watu wao waje kujifunza anavyofanya, wakarudi makwao na daftari tupu.

Maana hakukuwa na la kuandika. Chai kwanza. Hali ya hewa isitajwe. Jambo lenyewe lisemwe kwa sentensi moja. Na mtu asitoke mlangoni kabla hajajua Jumatatu ataamkia kazi gani. Mrushaji mpira mmoja aliyemtukana hadi mama yake mzazi alitafutiwa kazi ya kuendesha basi la chekechea, na mpaka leo humletea Kuramochi sanduku la zabibu kila mwaka.

Mwenye timu, Bwana Tsuzuki, hakuiweza kazi hiyo hata kidogo. Huyo aliwahi kukaa na mpishi mwizi miaka sita kwa kuogopa kumwambia aondoke. Kila msimu ukiisha alimpa Kuramochi karatasi ya majina, kisha akaenda kucheza gofu.

Mwaka huu karatasi ilikuwa na jina moja. Kuramochi alipouliza kwa nini Hatano, Tsuzuki alitazama ukutani.

“Wewe mwite tu,” akasema. “Nitakwambia siku yenyewe.”

Hatano alikuwa nahodha na mdakaji wa timu, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kupokea mipira kwa glovu. Miaka kumi na minne ya kuchuchumaa, na magoti yalikuwa yameshachoka naye. Kila Oktoba ndiye aliyembebea mfuko mwenzake aliyeachishwa, akamfikisha stesheni na kuketi naye hadi treni ije. Hakuna aliyemtuma. Kuramochi alimpenda kama mtoto wa kumzaa, na karatasi ile ilimuuma.

Basi akahangaika wiki tatu. Mwisho akapata, huko Hinase, kwenye kiwanda cha kababu za samaki. Mjane mwenye kiwanda alitaka mtu mtulivu wa kupokea wageni na kusikiliza manung’uniko ya wafanyakazi. Asiwe mtu wa kukimbiakimbia. Nyumba ipo, dirisha linatazama bahari, na chakula cha mchana ni juu ya kiwanda. Akirudi kwa treni, Kuramochi alijikuta akiionea wivu kazi ile, akajikemea.

Siku ya pili baada ya simu ile, Hatano alifika dakika tano kabla ya saa nne. Suti yake ilikuwa mpya kabisa, si ile ya harusi ambayo wengi hujibanabana ndani yake. Maskini, Kuramochi aliwaza, amenunua suti kwa ajili ya siku kama hii. Hatano akainama, akakaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyo desturi. Kisha akaliwahi birika.

“Leo nimimine mimi, Mzee.”

Wakanywa. Kuramochi akaweka kikombe chini.

“Hatano, mwakani hutavaa jezi ya Korongo.”

“Najua.”

“Nimekutafutia mahali.” Akampa bahasha kwa mikono miwili. “Usome mpaka mwisho. Na ukileta maringo tutagombana.”

Hatano akaisoma barua, akairudia. Machozi yalimlengalenga, akayaacha.

“Nyumba na chakula?”

“Na bahari.”

“Huyu mama anakuamini sana.”

“Nimemwambia namletea mtu bora kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Usiniaibishe.”

“Wengine wote uliwapatia kama hii?”

“Hapana. Hii inazipita zote.”

Hatano akatikisa kichwa taratibu. “Mimi mwenyewe nimezunguka mwezi mzima nikitafuta. Nimefika mpaka Hiroshima. Nilichopata ni ulinzi wa ghala tu, tena zamu ya usiku. Nimeona aibu hata kuitaja.”

“Basi yameisha. Kunywa chai.”

Hatano hakunywa. Aliikunja barua kwa mikunjo yake ileile, akairudisha kwenye bahasha. Akaigeuza ili maandishi yamwelekee Kuramochi, akaisogeza hadi upande wa pili wa meza kwa mikono miwili.

“Mwenye timu amenipa kiti chako, Mzee, na hii ndiyo kazi ya kwanza aliyonituma,” akasema. “Jumatatu wanakungoja Hinase.”