Kichwa Namba Kumi na Saba

Kichwa namba kumi na saba kilikuwa kimebonyea kisogoni, upande wa kushoto, na Ezechiel akajua papo hapo kwamba hakuna kofia ambayo ingekikaa.

Kofia za mdogo wake Bisimwa nazo hazikumkaa. Alimshonea saba tangu wakiwa kwao Uvira, Kongo. Zote saba zilimtelezea sikioni.

Siku tatu kwa wiki fundi huyu aliifunika cherehani yake katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, akapanda basi hadi City Centre, Lilongwe, kuchora ubongo wa watu asiowajua. Hospitali moja ya Brussels ilikuwa ikitengeneza atlasi: ramani ya ubongo usio na kasoro, ili madaktari wapimie wagonjwa wao kama fundi anavyopimia kitambaa kwa patroni. Picha za MRI zilikuja ndani ya bahasha, kila kichwa kimekatwa vipande kama mkate. Ezechiel alifuatisha mipaka juu ya karatasi ya kunakilia. Mkono wake haukuwa na mpinzani.

"Ukiona doa, papa Ezechiel," Daktari Annuarite, msimamizi wake, alimwambia siku ya kwanza, "zungushia penseli nyekundu."

"Na mwenye doa?"

"Anaitwa siku ileile. Ananyolewa, kichwa kinafunguliwa."

"We utakagua kwanza?"

"Mi? Na macho haya? Mi natia sahihi tu."

Waliopigwa picha walikuwa watu wazima wenye afya, waliojitolea wenyewe. Penseli nyekundu haikuwahi kuchongwa.

Mwaka uliopita nafasi ya mkimbizi kuhamia Ubelgiji ilitoka moja tu, kwa jina la Ezechiel. Wiki hiyohiyo Bisimwa akaanza kugaagaa sakafuni, kichwa mikononi, akimlilia kaka yake.

"Yaya, nakufa! Iko kitu ndani, inanikula!"

Ezechiel akamwachia nafasi. Tangu ndege iondoke, haikuja barua hata moja. Mke wa Bisimwa, Véronique, aliyebaki kambini, alishavaa kitambaa cheusi cha msiba.

Sasa, kwenye bahasha ya kumi na saba, aliichomoa haraka picha ya uso uliopigwa kwa ubavuni. Pua ileile, yenye nundu. Kidevu kilekile. Yu hai! Ezechiel akapiga ishara ya msalaba, akaanza kukitafuta kile kitu kilichokuwa kikimla mdogo wake. Alipitia kipande cha kwanza hadi cha mwisho, akarudia. Ubongo ulikuwa safi. Mfupa haukuwahi kuguswa na msumeno.

Chini ya bahasha ilikuwepo fomu, isiyo na jina, imejazwa kwa Kifaransa. Umri: ishirini na sita. Umewahi kusumbuliwa na maumivu ya kichwa?

Jibu: "Hata siku moja."

Mlango ukafunguliwa. "Umefika kumi na saba?" Daktari Annuarite aliuliza kwa furaha. "Brussels banasema njo hicho kichwa kizuri kuliko vyote."

"Bado naangalia, Daktari," alisema Ezechiel, akaanza kuichonga penseli nyekundu.