Keekee Imekwama

"Daktari, mbona umeacha kuimba?" mzee aliuliza kutoka kitandani. Alikuwa macho, ganzi ilichomwa mkononi tu, pale ulipoingizwa waya wa kufika moyoni.

Mama daktari huimba chinichini kazi inapomwendea vizuri. Sasa keekee yake ya kutobolea, ndogo kama punje ya ulezi, ilikuwa imenasa ndani ya mshipa wa moyo wa mzee, mshipa uliojaa chokaa hadi ukawa mgumu kama ukuta. Akiivuta kwa nguvu, mshipa utachanika.

"Keekee imekwama, baba," alisema bila kumficha.

"Nimekuwa mwashi miaka arobaini. Ikikwama ukutani haivutwi, mwanangu. Chokonoa pembeni, italegea yenyewe."

Daktari alicheka, kwa sababu waya wa pili ulikuwa tayari vidoleni mwake. Akaupenyeza polepole kando ya keekee, akapitisha puto jembamba, akalijaza. Akavuta kidogo tu. Keekee ikacheza kama jino la mtoto, kisha ikatoka.

Muuguzi akashusha pumzi. Daktari akaomba kibomba cha kuuacha mshipa wazi, na wimbo ukaanza tena.

"Afadhali," mzee akasema. "Sasa naweza kukwambia. Huo wimbo unaukosea tangu ulipoanza."