Mikono ya Antoni

Fortunata alisimama kanisani mbele ya sanamu ya Mtakatifu Antoni, ameshika kandambili ya mwanawe, ile iliyookotwa mtoni. Majirani walishaanua matanga. Yeye alikuwa hajalia bado.

"Huyu ni wa vitu vilivyopotea, dada," alisema katekista Simplisi taratibu. "Siyo wa watu."

"Nani alimpa kazi hiyo?"

"Zamani aliibiwa kitabu chake cha zaburi. Kijana mmoja wa nyumba ya watawa alitoroka nacho. Antoni akasali, kikarudi."

"Kilirudi chenyewe? Kina miguu?"

"Ah, dada! Kijana ndiye aliyekirudisha."

"Basi hata kijana alirudi," Fortunata alisema. "Nyinyi mkaona kitabu tu."

Simplisi, ambaye mwenyewe aliingia mtoni kumtafuta mtoto wa Fortunata asimpate, aliinamisha macho kwenye ile kandambili.

Fortunata akapanda kwenye benchi, akamshika mtoto wa plasta aliyepakatwa na Antoni, akamng'oa. Vumbi jeupe likamwagika.

"Dada, unaharibu kanisa!"

"Siharibu. Akimleta wangu, nami nitamletea wake."

Akaiweka kandambili pale alipokuwa mtoto. "Aangalie vizuri, asije akaniletea wa mwenzangu."

Akamfunga yule wa plasta mgongoni kwa kanga, akatoka. Simplisi alibaki akiitazama mikono ya Antoni, imekunjwa vilevile, imepakata kandambili yenye tope.

Nje, Fortunata alishika njia ya mtoni, akimpigapiga mtoto mgongoni ili alale.