Pumzi Jikoni

Tangu nchi za pwani zipatane kwamba kila nguva awe na nyumba ya kumlinda, jikoni kwa Somoe, pale Msimbati, utulivu ulihama. Juu ya kabati la vyombo kilitundikwa kisanduku, na kila mara nguva wake alipoibuka baharini kuvuta hewa, kilitoa sauti: pfuu! Sheria ilitaka pasikose mtu wa kusikiliza. Hata watoto, wakiona pumzi imechelewa, waliacha kutafuna mpaka waisikie.

Nguva akivuka mpaka wa bahari, kisanduku kilinyamaza, na cha Atija, kule Palma, Msumbiji, kikaanza. Hivyo ndivyo wanawake hao wawili wasiowahi kuonana walivyopokezana ulezi.

Jumatatu kisanduku kilinyamaza.

"Alhamdulillahi, kaenda kwa mwenzangu," Somoe alimwambia mumewe. Wakafunga nyumba, wakaenda arusi ya wifi yake Mtwara mjini, wakala pilau siku mbili bila wasiwasi.

Alhamisi mchana, watoto wakila, simu ikalia. Alikuwa Atija.

"Mwenzangu, ahsante mno! Safari hii umekaa naye siku nyingi, hata nimepata nafasi ya kwenda kumuuguza mama. Hajambo lakini, mnyama wetu?"

Somoe alikiinulia macho kisanduku, simu ingali sikioni. Watoto wakamwona mama yao ametega sikio. Wakaacha kutafuna, kama walivyozoea, wakaingoja pumzi.