Mkanda wa Tunu

Hospitalini siku hizi, mgonjwa akiwa kwenye mashine ya kusafisha damu, ndugu yake humbebea huzuni kwa saa moja, kwa mkanda unaofungwa kichwani. Miaka minne ya kusafishwa damu, Tunu alimkatalia mumewe, Kitwana. "Mimi sina huzuni, Baba Shani," alikuwa akisema huku akikaanga maandazi na kutaniana na majirani. Leo daktari akashikilia.

Kitwana alicheka nesi alipomfunga mkanda kichwani. Kufumba na kufumbua, kicheko kikamkauka. Hakutaka chai. Hakutaka hata kesho ifike.

"Mama Shani! Hivi ndivyo unavyoamka kila siku?"

Tunu aligeukia ukutani.

"Jikaze, baba," nesi alisema kwa upole. "Nimekufungulia robo tu ya huzuni yake."