Pande la Risasi

Sahayam aliposikia mashine ikiunguruma ndani ya ukungu, alichofikiria kwanza ni mwamba wake wa samaki. Alama zake zilikuwa kwenye GPS yake peke yake, na wavuvi wa Kolachel, kusini mwa India, huficha kioo cha GPS hata ndugu akikaribia.

Mlio ule aliujua. Ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyembembeleza tangu Pasaka amwonyeshe mwamba huo, na Sahayam akamcheka tu.

Huyo akifika atapekua mashua nzima kwa utani. Bora GPS aifiche baharini. Maji hayaiui, ilishawahi kuanguka ikaelea kama nazi, taa inawaka. Lakini ikielea si itaonekana? Sahayam akaifunga pande la risasi la kuzamishia mshipi, akaishusha ubavuni kwa kamba.

Kamba ilikuwa na mafuta ya samaki. Ikamponyoka. Aliuona mwanga wa kijani ukishuka, ukipungua hadi ukubwa wa punje ya mchele, kisha maji matupu.

Mashua ya shemeji ikatokeza.

"Shemeji mchoyo! Usifiche, leo siutaki mwamba wako!"

Alicheka, lakini kicheko kilikatika njiani. Nyuma yake wanawe wawili walikuwa wanachota maji mashuani na kuyamwaga.

"GPS yangu imekufa tangu asubuhi," akasema. "Redio inasema kimbunga kinakuja, na kwa ukungu huu hatuoni kitu. Nimekutafuta mpaka nimekata tamaa."

Sahayam alijifuta vidole kwenye shuka aliyojifunga kiunoni, akarudia kuvifuta.

"Washa yako, shemeji. Tutakufuata."